Je, ni nyama iliyokuza ubongo wa binadamu?

Mdadisi:
Husemwa mara kwa mara kwamba bila nyama ubongo wetu ungebaki mdogo kama wa sokwe. Naomba kueleweshwa: dai hili linategemea ushahidi gani hasa, na je, ushahidi huo unathibitisha kwamba nyama ndiyo iliyoleta mabadiliko, au unaonyesha tu kwamba ililiwa?

Mchimbuzi:
Ndugu Mdadisi, ushahidi mkuu ni mifupa ya wanyama yenye alama za kukatwa kwa zana za mawe. Huko Bouri, Ethiopia, imepatikana ya miaka ipatayo milioni 2.5 iliyopita; lakini ile ya Dikika, hukohuko Ethiopia, inayokadiriwa kuwa na miaka milioni 3.4, bado ina ubishi, kwani wapo wanaoona kwamba mikwaruzo yake ilitokana na kukanyagwa au na meno ya mamba. Binafsi naona tunaitaja mno minofu na kuusahau uboho. Simba anaposhiba huacha mifupa mikubwa ikiwa mizima, na ni wachache, kama fisi, wenye taya za kuivunja. Zamadamu, yaani mhenga wa kale wa binadamu, mwenye jiwe mkononi aliweza kuipasua na kupata mafuta mengi bila hata kuwinda. Mifupa iliyopondwa ya Olduvai, yenye umri wa miaka takriban milioni 1.8, inaonyesha jambo hilo waziwazi.

Kuhusu ubongo, mwaka 1995 watafiti Leslie Aiello na Peter Wheeler walieleza kwamba kiungo hiki, ambacho ni asilimia 2 hivi ya uzito wa mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya nishati mwili unapopumzika. Kwa kuwa utumbo nao hutumia nishati nyingi, walidai kuwa chakula bora kilichosagika kwa urahisi kiliruhusu utumbo kupungua, na nishati iliyookolewa ikauendeshea ubongo.

Msomaji wa Zamani:
Nadharia hiyo inavutia, lakini imepata pigo. Mwaka 2011 ulichapishwa ulinganisho wa spishi 100 za mamalia, na haukuonyesha kwamba wenye ubongo mkubwa wana utumbo mdogo. Kisha mwaka 2022 mtafiti Andrew Barr na wenzake walipitia maeneo ya uchimbaji ya Afrika Mashariki wakaona kwamba lile ongezeko la mifupa yenye alama, linalodhaniwa kuanza na Homo erectus (zamadamu mwenye ubongo mkubwa kuliko waliomtangulia) miaka milioni 1.9 iliyopita, linafuata wingi wa uchimbaji: palipochunguzwa zaidi ndipo palipopatikana mifupa zaidi. Mtafiti mwingine, Richard Wrangham, kwa upande wake, anaupa moto na upishi nafasi ya kwanza, ingawa masalia ya moto ya pango la Wonderwerk, Afrika Kusini, ni ya miaka milioni moja tu hivi, yaani muda mrefu baada ya Homo erectus kutokea.

Mdadisi:
Je, yawezekana basi kwamba nyama ilikuwa chakula cha nadra tu?

Mchimbuzi:
Sidhani, na ushahidi wangu unatoka mahali pasipopendeza: tumboni. Minyoo aina ya tegu wanaoishi ndani ya binadamu wana ndugu zao wa karibu katika wanyama wala nyama wa Afrika, wakiwemo fisi, na uchunguzi wa nasaba yao unaonyesha kwamba walitengana kabla ya watu kuanza kufuga. Hilo halituambii nyama ilikuwa nyingi kiasi gani, ila linaonyesha kwamba ililiwa mara kwa mara vya kutosha kwa minyoo hao kumfanya binadamu mwenyeji wao.