Ushauri jamani: mradi wa mwisho kuhusu sumaku zisizotulia, na maabara hatuna

Bint Konde: Assalaam alaykum. Nasoma fizikia hapa Unguja, mwaka wa mwisho. Nimevutiwa mno na madini ambayo spini zake (visumaku vidogo vya atomu) hazijipangi hata zikipozwa karibu na sifuri kabisa. Msimamizi kanambia nitafute mada nyengine, heliamu ya kupozea tutaipata wapi? Mimi nina laptop tu. Niache kweli?

Mzee wa Jotoridi: Waalaykum salaam mwanangu. Usiache! Shika pembetatu moja: spini tatu, kila moja iko juu au chini, na kila moja inataka kuwa kinyume na jirani yake. Mbili zikishapingana, ya tatu itamridhisha nani? Kati ya mipango 8, 6 ina nishati ileile ya chini. Ukitandaza wavu mzima wa pembetatu, entropia (kipimo cha wingi wa mipango inayowezekana) inabaki hata kwenye sifuri, na mwanafizikia Wannier aliikokotoa mwaka 1950.

Andika programu ya Monte Carlo kwa Python, yaani ya kugeuza spini kwa bahati nasibu. Pima joto maalumu (nishati inayohitajika kupandisha jotoridi), ligawe kwa jotoridi, tafuta eneo chini ya mchoro. Kwenye joto kubwa kila spini ina entropia ya ln 2, yaani 0.693. Toa eneo lile, ibaki kama 0.323. Angalia sana hapa: makala ya 1950 ina 0.338, masahihisho yalitoka 1973. Ukiifuata ile ya zamani utasaka kosa ambalo programu yako haina.

Mvuvi Msomi: Dada, baada ya hapo nenda kagome, wavu wenye umbo la msuko. Litazame dema: macho ya pembe sita, pembetatu pembeni. Weka spini kila fito mbili zinapokatana, wavu ndio huo. Hapo jibu ni 0.502. Atomu za shaba ndani ya madini ya herbertsmithite zimekaa hivyo. Spini zake zinataka kupingana kwa nguvu ya kelvini 200 hivi, lakini hata kwenye 0.05 hazijajipanga. Yataje kwenye utangulizi tu, maana spini zake ni za kikwanta, haziishii juu au chini tu, programu ya juu na chini haizielezi.

Bint Konde: Allah awalipe. Wavu wa 10 kwa 10 unatosha?

Mzee wa Jotoridi: Chukua 12, upande ugawanyike kwa 3, la sivyo kingo zitakuharibia mpango. Kisha 24 na 36, zote kwenye mchoro mmoja. Na ndani ya programu upoze polepole. Msimamizi mpelekee mchoro huo, usimpelekee maneno.