Pikipiki BSA Bantam D7 ya 1962: ikipata moto silensa (mzunguko wa injini bila akselereta) inapanda yenyewe halafu inazima

mtanga_ughaibuni:
Wakuu habari zenu. Nipo Birmingham, mwaka jana nilinunua Bantam D7 kwa mzee jirani, ilikuwa imelala gereji miaka zaidi ya ishirini. Nimesafisha tanki, kabureta nimefungua yote, plagi mpya, siku ya kwanza kiki ya nne tu ikawaka, aisee nilikaribia kulia maana hapa na Small Heath kilikokuwa kiwanda cha BSA chenyewe ni mwendo wa basi tu. Shida inatembea dakika kumi freshi, ikipata moto silensa inapanda hata nikiachia akselereta yote, halafu inazima na haiwaki mpaka ipoe. Moshi nao mwingi mno hata kwa tu-stroki (injini inayochoma oili pamoja na petroli). Nyingine, nati zinaliwa, spana 11 inacheza na 10 haiingii. Hela ya rangi na kromu ninayo, niendelee?

fundi_platini:
Mkuu rangi iache kwanza. Hizo ni oili sili za krenki (mipira inayoziba shafti ya injini pande zote mbili), mpira ukikaa miaka yote hiyo unakuwa mgumu kama plastiki. Tu-stroki inavuta mchanganyiko kupitia chumba cha krenki, sasa sili ya upande wa magneto (inakotengenezwa umeme) ikivuja inaingiza hewa tupu, ndo maana silensa inapanda, na ukiendelea kuibana barabarani pistoni itakwama. Ya upande wa klachi ikivuja inanyonya oili ya gia, ndo moshi wako huo. Pima oili ya gia, kama inapungua na chini sakafuni hakuna hata tone basi jibu unalo. Badilisha zote mbili kwa pamoja, usiweke moja. Na spana za milimita weka kabisa pembeni, hiyo mashine inataka Whitworth (spana za vipimo vya zamani vya Kiingereza), seti ya mtumba huko kwenu utapata bila shida, zitafute kabla hujaharibu nati nyingine.

bi_mkongwe:
Sili nakubali ila kuzima ikiwa moto na kukataa kuwaka mpaka ipoe, mimi ningeangalia na kondensa na koili (vifaa vya umeme wa plagi), vya zamani vikipata joto moto wa plagi unakufa. Itoe plagi palepale inapozima uone inatoa cheche gani. Petroli je? Tangu Septemba 2021 ya kawaida huko ni E10 (ina ethanoli, yaani pombe, hadi asilimia 10), ethanoli inakula mipira ya zamani, weka super ya E5 (ethanoli haizidi asilimia 5). Mimi yangu natia mililita 200 za oili kwa lita 5 za petroli, usijaribu petroli 50 kwa oili 1 ya mashine za kisasa.

babu_alikuwa_nayo:
Kaka ukishamaliza, kabla ya kuingia barabarani zungukia uwanja mtupu hata wiki nzima. Miguu iliyozoea Boxer inajua gia kushoto, hiyo gia ipo kulia na breki ya nyuma kushoto, ukishtuka utakanyaga gia ukidhani breki. Wajerumani wa DKW waliichora gia ikiwa kushoto, BSA walipoichukua baada ya vita wakaigeuza yote kama kwenye kioo ili gia ije kulia walikozoea Waingereza. Na betri ukifunga, chanya ndo inaenda bodi, angalia mara mbili.

mtanga_ughaibuni:
Asanteni sana wakuu. Nimepima sasa hivi, oili ya gia imebaki kidogo sana na sakafu kavu kabisa. Naagiza sili zote mbili na kondensa, rangi itasubiri.