Carina Ti: betri mpya, alteneta nyingine, bado inagoma kwenye pantoni

Baharia wa Kigamboni
Wakuu, habari za jioni. Nina Carina Ti ya 1998, injini 5A, imefika mahali naogopa kuizima. Nakaa Kigamboni, kazi Posta, kwa hiyo kila siku navuka na pantoni, na mle ndani lazima uzime injini. Jumanne tumefika Feri, napiga stata: tik. Tena: tik. Nyuma yangu Fuso inapiga honi kama kuna harusi. Gari ni oto, huwezi kusukuma ikawaka, basi wakanitoa watu sita, mmoja na ndoo yake ya samaki kichwani. Juu pale jamaa mwenye pikapu akaleta waya za kubusti. Mwekundu kaubana kwenye betri, mweusi kwenye kile chuma cha kunyanyulia injini. Ikawaka hapohapo.

Betri nimenunua mwezi wa tano. Fundi akasema alteneta haichaji, nikachukua ya mtumba Gerezani, 110,000. Wiki mbili tu, yaleyale. Usiku taa hafifu, ila taa ya betri kwenye dashibodi haiwaki kabisa. Nimenunua mita Kariakoo: gari ikiwa imezimwa betri inasoma volti 12.3, sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta) 12.9, nikiwasha taa na feni 12.6. Fundi anataka tununue alteneta nyingine tena!

Kobe Mwendo
Gari ikiwa inaunguruma chomoa kichwa cha hasi. Ikizima, alteneta imekufa. Rahisi tu.

Rewaya Mstaafu
Usithubutu. Huo ni mchezo wa enzi za dainamo. Ukichomoa betri alteneta ikiwa inachaji, volti zinaruka ghafla, unaua diodi za alteneta na pengine kontrol boksi, ile kompyuta ya gari.

Baharia, jibu umeliandika mwenyewe na hujaliona. Waya mweusi ulibanwa kwenye injini, si kwenye betri, na gari ikawaka hapohapo. Mimi naona ethi, yaani njia ya hasi kati ya injini na betri.

Weka mita DC 20. Washa gari, taa full, feni mpaka mwisho. Kwanza pima kutoka nati nene ya nyuma ya alteneta hadi chanya ya betri. Ikizidi 0.3 waya ule una shida. Halafu pima kutoka bodi la alteneta, kwenye chuma cheupe si kutu, hadi hasi ya betri. Gusa nguzo yenyewe ya betri, usiguse kichwa cha waya. Hapo ikizidi 0.2 usinunue kitu, ingia chini ya gari. Na kebo ya akseleta, umeishika karibuni?

Baharia wa Kigamboni
Nimepima jana. Upande wa chanya 0.08. Upande wa ethi, 1.4. Nilidhani mita mbovu, nikarudia mara tatu.

Nikaingia chini. Waya wa hasi unaoshuka kwenye gia boksi, bolti yake imekaza vizuri, ndiyo maana fundi alikuwa anautingisha na kusema upo poa. Nilipoukunja karibu na kichwa, mpira ukapasuka ukamwaga unga wa kijani. Nyuzi zilizobaki hazifiki kumi. Chumvi ya bahari hiyo, miaka yote ya kuvuka. Na kebo ya akseleta, mzee wangu, ganda lake la plastiki limelainika kama ubani. Kumbe nilivyokuwa naona mafuta mazito kukanyaga, nikapaka grisi!

Rewaya Mstaafu
Umeme wa stata ukikosa njia yake unapita popote penye chuma, hata kwenye kebo ya akseleta, ikapata moto. Badilisha na kebo pia. Waya mpya uwe mnene, usikubali wa spika. Kwaruza pa kufungia mpaka pang'ae, ukimaliza kukaza paka grisi juu.

Baharia wa Kigamboni
Waya na vichwa 18,000. Sailensa sasa 14.1, taa na feni vyote 13.8. Leo nimezima kwenye pantoni nikiwa nakula karanga.

Kinachoniuma ni alteneta yangu ya kwanza. Nilimwachia muuzaji kule Gerezani, akanipunguzia elfu ishirini. Aliyeinunua, ndugu yangu, ni nzima kabisa.