MREJESHO: Seva ya Linux iliyokuwa ikiganda

Wakuu, asanteni sana. Kwa ambao hawakuliona swali: seva yetu ilikuwa inaganda ghafla mtandao ukielemewa, kibodi haijibu, logi hazina kitu. Mkanishauri nijenge upya kerneli (kiini cha Linux) nikiwa nimewasha CONFIG_PROVE_LOCKING, chaguo linalowasha kikaguzi kiitwacho lockdep.

Lockdep imemnasa mhalifu hata kabla seva haijaganda, maana haisubiri balaa. Inafuatilia kila kufuli (kinga inayozuia sehemu mbili za msimbo kugusa data ileile kwa wakati mmoja) inashikwa wapi na katika hali gani. Draiva ya kadi ya mtandao ilikuwa inashika kufuli kwa spin_lock ya kawaida, isiyozuia makatizo, na katizo la kadi hiyohiyo (ishara inayosimamisha kazi ya prosesa ili kadi ihudumiwe kwanza) nalo linaitaka. Katizo likiingia kwenye prosesa ileile iliyoshika kufuli, linaisubiri bila kikomo, na aliyeishika hawezi kuendelea mpaka katizo liishe. Hapo hakuna wa kumpisha mwenzake. Trafiki ikiwa kubwa makatizo yanakuwa mengi, ndiyo maana iliganda nyakati hizo tu.

Tumeweka spin_lock_irqsave na spin_unlock_irqrestore, zinazozuia makatizo kwenye prosesa hiyo wakati kufuli imeshikwa, kwenye msimbo wa kawaida (ule usio wa katizo). Nimeipiga mzigo usiku kucha, imetulia kabisa. Kiraka (marekebisho hayo ya msimbo) nimewatumia wenye draiva. Mwenye tatizo kama hili awashe lockdep kwenye mashine ya majaribio, maana inapunguza kasi kweli.