Mjadala: Krediti "imekubaliwa" maana yake nini, kama haihesabiwi kwenye digrii?

Ndugu zangu mlioko Marekani, hasa wazazi wenye vijana wanaotaka fani ya ujenzi, naomba tulijadili hili la krediti, yaani pointi za masomo anazobeba mwanafunzi akihama koleji kwenda chuo kikuu. Majuzi kwenye kikao cha harusi mzee wetu mmoja alisema kumpeleka mtoto koleji ya jamii (community college, ya miaka miwili) ni kumchelewesha, aende chuo kikuu moja kwa moja. Kwa heshima zote, nampinga. Koleji ada ni nafuu na kijana analala nyumbani. Anakokwama ni pale pa kuhamia chuo kikuu.

Mdogo wangu alimaliza miaka yake miwili ya ujenzi koleji, akapata chuo kikuu kusomea usimamizi wa ujenzi. Barua ya tathmini ilipokuja tuliisomea mezani jikoni. Kusoma ramani, kukadiria gharama, vifaa vya ujenzi: zote zimekubaliwa. Tukashangilia. Kisha akaona safu ya pembeni, kila mstari umeandikwa somo la hiari. Yaani krediti zimeingia kwenye rekodi, ila hazijaziba hata somo moja la lazima. Makadirio anarudia, na analipa upya. Kalkulasi hakuwahi kuambiwa aisome, na chuo hicho hakimruhusu kugusa fizikia bila hiyo. Mwaka mzima umeongezeka.

Wala si yeye peke yake. Mwaka 2017 GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao.

Vyuo vikuu vina hoja, na ina uzito. Programu yenye ithibati ya ACCE, baraza la Marekani la elimu ya ujenzi, inawajibika kuonyesha mhitimu wake anajua nini, kwa hiyo haiwezi kupokea somo kwa kuangalia jina tu. Sawa kabisa. Lakini ukaguzi huo ufanyike kabla mtoto hajalipa! California ilipitisha sheria mwaka 2010: mwenye shahada maalumu ya koleji ya kuhamia ana uhakika wa nafasi katika mfumo wa CSU (vyuo vikuu vya jimbo la California), na zinabaki krediti zisizozidi 60 amalize. Haimhakikishii kampasi anayoitaka, wala haigusi kila fani, lakini inaonyesha serikali ikiamua, chuo kinafuata.

Msimamo wangu: kila chuo kikuu cha umma kilazimishwe kutangaza, somo kwa somo, kipi kitahesabiwa kwenye digrii ya ujenzi, na kisibadilishe kwa mwanafunzi aliyekwisha kuanza.

Kwa walio na kijana anayeanza sasa hivi: tazameni jina la shahada ya koleji. AAS (Associate of Applied Science) imeundwa kumpeleka mtu kazini. AS (Associate of Science) ndiyo kwa kawaida huandaliwa kwa kuhamia. Herufi moja hiyo ndiyo iliyotugharimu sisi. Hesabu zianze muhula wa kwanza, maana moja inafungua nyingine. Na mshauri wa kumuuliza ni wa chuo kikuu anakokwenda, tena kwa barua pepe ili jibu libaki kwa maandishi.

Nani hapa ana kijana aliyehama akiwa na masomo ya ujenzi? Chuo kilimhesabia makadirio, au naye alirudia? Tajeni na jimbo, tulinganishe.