Dang'a ya mbuzi mwenye CAE naipashaje?

Wakuu naomba msaada, mbuzi wangu wa maziwa magoti yamevimba, daktari wa mifugo kasema ni CAE, ugonjwa wa virusi wa mbuzi unaovimbisha viungo, na virusi vinapita kwenye maziwa, na ana mimba kubwa kabisa. Dang'a (maziwa ya kwanza baada ya kuzaa) nichemshe au nimwage?

— Usichemshe mkuu! Ikichemka inaganda kama yai na kinga yote kwisha. Pasha nyuzi 56 kwa saa 1 nzima, sufuria ya dang'a ndani ya sufuria kubwa la maji ya moto, na kipimajoto kikae kwenye dang'a yenyewe sio kwenye maji. Au ikifika 56 mimina kwenye chupa ya chai uliyoisuuza na maji moto, baada ya saa pima tena, ikishuka chini ya hapo usiiamini.

— Na mtoto umtoe palepale mama hajamlamba. Anazaliwa hana kinga kwenye damu, anaipata kwenye dang'a, na utumbo unaipitisha masaa 24 ya kwanza tu na yale 6 ya mwanzo ndo muhimu zaidi, wa kilo 3 mpe kama mililita 150 mapema.

— Ng'ombe ni nyuzi 60, saa 1 vilevile.

— Asanteni sana, kipimajoto nanunua leo.