Mjadala: Kenya haijawahi kushindwa kulipa deni? Muulizeni muuza limau

MWANZISHA MADA (seremala, Nakuru)

Jumamosi iliyopita nilitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa karakana yangu hapa Nakuru, nikawasha projekta ya kuazima, tukatazama sinema ya mwaka 1933 iitwayo Duck Soup. Ni vichekesho vya Marekani vya wale ndugu wa Marx, vya ajabu ajabu, havina kichwa wala miguu. Vijana wangu wa kazi walicheka hadi mmoja akatoka nje kuvuta pumzi. Jirani yangu, mama mstaafu ninayemheshimu sana, hakucheka hata mara moja. Alipokuwa akiaga aliniambia, "Fundi, nchi kufilisika si jambo la kuchekea. Unawazoesha vijana mzaha."

Neno hilo limenikaa moyoni siku tatu, ndiyo maana nimelileta hapa.

Kwa wasioijua, kisa ni hiki. Kuna nchi ya kubuni, Freedonia, ambayo hazina yake imekauka. Mjane tajiri, Bi Teasdale, ameshaikopesha mali nyingi, na sasa anaombwa dola milioni 20 nyingine. Anakubali kwa sharti moja: nchi apewe mtu anayemtaka yeye, Rufus T. Firefly, anayechezwa na Groucho Marx. Huyo bwana hata boma la kuku hawezi kulisimamia. Anaropoka, anatukana wageni, mwishowe anaiingiza nchi vitani na jirani yake Sylvania.

Watu wengi macho huwaishia hapo, kwa mkopeshaji anayechagua mtawala. Vijana wangu nao walianza kusema habari za IMF, lile Shirika la Fedha la Kimataifa. Mimi nilikuwa namtazama mtu mwingine, ambaye hana hata jina. Ni muuza juisi ya limau kando ya barabara. Majasusi wawili wa Sylvania, mmoja akijifanya anauza njugu, wanamwandama tu. Kofia yake inachomwa kwenye moto wa njugu. Baadaye jasusi mwenzake, yule asiyesema neno, anaingia miguu mitupu ndani ya tangi la limau na kulikanyaga kama mtu anayeponda udongo wa matofali, na wateja waliokuwa wamepanga foleni wanatawanyika mmoja mmoja. Hata maskini akienda kuoga nyumbani kwake, mtu yule yule anaibuka kutoka kwenye maji ya bafu. Nchi ina mkopeshaji, ina kiongozi, ina vita. Hakuna anayemuuliza huyu hasara yake ni kiasi gani.

Mimi nilimtambua mara moja. Septemba 2022 nilipeleka madawati 80 katika ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. LPO, ile hati ya serikali ya kuagiza mzigo, ninayo, imekunjwa mara nne, na muhuri wa bluu umeanza kufifia pale kwenye mkunjo. Mbao za saiprasi nilichukua kwa mkopo. Vyuma nilinunua kwa pesa taslimu. Mafundi wanne niliwalipa kila Jumamosi bila kukosa. Madawati yalihesabiwa, yakapokelewa, karatasi ikatiwa sahihi. Leo watoto wanayakalia, na mimi sijaona hata shilingi. Nikienda naambiwa faili liko kwa mhasibu, mhasibu anasema liko kwenye mfumo, na mfumo hauna mlango wa kubisha.

Kila mara tunasikia Kenya ni mlipaji mwema. Ni kweli kwa wengine. Hatifungani ya dola, yaani hati ya mkopo tuliyowauzia wawekezaji wa nje mwaka 2014, iliiva Juni 2024, dola bilioni 2. Miezi minne kabla ya siku hiyo serikali ilikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya zaidi ya asilimia 10 ili inunue sehemu kubwa ya lile deni la zamani, ambalo riba yake ilikuwa asilimia 6.875. Shilingi iliyokuwa imefika 160 kwa dola ikarudi hadi karibu 130. Mdai wa ng'ambo alilipwa kwa tarehe yake.

Sasa fungua Katiba, kifungu cha 214. Kinasema deni la umma hulipwa kutoka mfuko mkuu wa serikali, na kinaeleza deni la umma ni lipi: lile linalotokana na mikopo na dhamana ambazo serikali ya kitaifa imechukua, imetoa au imezidhamini. Nimekisoma mara tatu nikitafuta madawati yangu. Hayamo. Mimi sikutia sahihi mkataba wa mkopo. Niliikopesha serikali kwa kungoja.

Mwaka 2023 iliundwa kamati ya kukagua madai ya wazabuni yaliyolala serikalini, ya kuanzia 2005 hadi Juni 2022. Madawati yangu yalifika miezi mitatu baada ya mstari huo.

Kwa hiyo nasema wazi: Kenya inashindwa kulipa kila siku, ila inachagua ni nani wa kumshindwa. Na nasema sinema kama hizi zionyeshwe zaidi mitaani, kwa sababu katika hotuba za bajeti sijawahi kumwona muuza limau. Mnaonaje?

MWALIMU WA MASOMO YA BIASHARA (Kisumu)

Fundi, pole sana. Dai lako ni halali na wanaolikalia wanakosea. Lakini siwezi kukubali unavyotumia maneno. Kuchelewesha bili ni dhuluma. Kushindwa kulipa deni la taifa ni balaa la aina nyingine, na tukiyaita yote jina moja, siku balaa lenyewe likija hatutakuwa na neno la kuamshana.

Zambia ilikosa kulipa riba ya dola milioni 42.5 mnamo Novemba 2020. Makubaliano na wenye hatifungani zake yalikamilika 2024. Sinema yako inakwisha kwa muda wa saa moja na ushei. Zambia ilikaa zaidi ya miaka mitatu ikibisha milango. Ghana ilisitisha malipo mengi ya nje Desemba 2022, kisha ikawageukia wananchi wake waliokuwa wameikopesha na kuwataka wakubali masharti mapya. Februari 2023 wazee wastaafu walikaa nje ya Wizara ya Fedha mjini Accra na mabango mapajani. Sophia Akuffo, aliyekuwa Jaji Mkuu, alikuwa pamoja nao. Hawakuwa matajiri wa London. Walikuwa watu waliofanya kazi maisha yao yote na kuweka akiba kwa serikali yao wenyewe.

Zaidi ya nusu ya deni la Kenya liko humu humu nchini, kwenye benki na mifuko ya pensheni. Ukitaka serikali imwambie mdai angoje, jua kwamba mdai huyo huenda ni pensheni yangu, na pengine akiba ya shangazi yako. Vichekesho havionyeshi siku ya pili yake. Vinaonyesha keki ikirushwa usoni.

MWENYE DUKA LA MABATI (Kakamega)

Mwalimu, nakuheshimu na hoja yako nimeisoma yote. Nikueleze siku ya pili yake ilivyo huku kwetu.

Niliuza mabati na misumari kwa mradi wa umma. Mzigo niliununua kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Malipo hayakuja. Chama hakikuwa na pa kungojea, kikakata akiba za wadhamini wangu, wanawake watatu tunaoimba pamoja kanisani. Wawili nimewarudishia, mmoja bado namdai yeye msamaha na yeye ananidai pesa. Tukikutana njiani anatazama kando.

Huko unakuita kuchelewa. Sisi tulishaumizwa kama wale wazee wa Accra, ila sisi hatukuwa na mahali pa kukaa na mabango kwa sababu hakuna aliyetangaza kwamba imetokea.

KIJANA (Bungoma)

Mimi nauliza, kwa nini hatukai mezani na hao wa nje mapema, kabla hatujabanwa ukutani? Juni 2024 tuliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha uliotaka kukusanya shilingi bilioni 346. Mwanzoni ulikuwa unataka hata mkate utozwe VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Watu walikufa. Rais aliukataa mswada siku moja baada ya bunge kuvamiwa. Tuliambiwa pesa zinahitajika kulipa madeni. Sasa kama kulipa kwa tarehe kunagharimu damu, hiyo sifa ya mlipaji mwema tunamnunulia nani?

Na kwa upande wa sinema, tafuteni The Mouse That Roared ya 1959. Kuna kinchi kidogo, Grand Fenwick, kinaishi kwa kuuza divai peke yake. Mvinyo wao unaigwa California, soko linakufa, wanafilisika. Waziri mkuu anapiga hesabu: Marekani huwasaidia walioshindwa vita, basi tuitangazie vita tushindwe upesi. Wanatuma wanaume 20 wenye pinde, na kwa bahati wanashinda. Ni upuuzi, najua. Lakini ilinifundisha jambo ambalo darasani sikulipata, kwamba mdaiwa naye ana nguvu yake mezani. Mdai hataki uanguke.

MWALIMU (Kisumu)

Kijana wangu, kukaa mezani mapema naunga mkono. Ila katika sinema yako walishinda kwa bahati. Usipange bajeti kwa bahati.

MAMA MSTAAFU (Nakuru)

Mimi ndiye jirani ambaye hakucheka. Nilikuwa muuguzi.

Mnabishana kama Kenya imewahi au haijawahi. Mwaka 1994 Kenya ilikwenda kwa Paris Club, kundi la nchi zinazokopesha, ikapangiwa upya deni lake, na mwaka 2000 ikarudi tena. Nyinyi wengi mlikuwa watoto. Mwaka 1993 bei zilipanda karibu nusu nzima ndani ya mwaka mmoja. Katika wodi niliyofanya kazi, mgonjwa alikuja na glovu zake, pamba yake na uzi wa kushonea, vimefungwa kwenye leso. Mama akija kujifungua bila kifurushi hicho tulikuwa tunazunguka vitanda vya wenzake tukiomba. Usiku mmoja niliomba vitanda vitano kabla sijapata glovu moja, ya mkono wa kushoto.

Kwa hiyo limau lilipokanyagwa na vijana wakaanguka vicheko, mimi nilikuwa naona kifurushi. Sikusema sinema ni mbaya, fundi. Niliitazama hadi mwisho. Nilisema mnacheka kabla ya kujua.

MWANZISHA MADA (Nakuru)

Mama, shikamoo. Nimesoma ulichoandika nikiwa nimesimama karakanani, ikabidi nizime msumeno.

Mwalimu, nakupa haki yako. Sitaki pensheni yako iguswe, na wale wazee wa Ghana sikuwa nimewafikiria. Sitaki Kenya isimame ghafla na kusema hailipi. Ila sikuachii neno. Ukiliita langu kuchelewa, nani atalihesabu? Wakitangaza kila mara kwamba deni la taifa ni trilioni kadhaa, bili za wazabuni haziingizwi kwenye jumla hiyo, kwa hiyo njia rahisi ya kuonyesha deni halijapanda ni kutonilipa mimi. Nataka ziingizwe kwenye hesabu ile ile, siku ile ile, kwa sauti ile ile. Nataka zilipwe kwa kufuata tarehe, aliyetangulia kupeleka mzigo atangulie kulipwa, si mwenye mtu ndani. Na zikipita muda ziwe na riba, kama ya mdai wa ng'ambo ilivyo na riba.

Msiniambie haiwezekani. Ushuru wa barabara ulipopandishwa 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita ya mafuta, shilingi 7 kati ya hizo ziliwekwa rehani mwaka uliofuata ili zipatikane bilioni 175 za kuwalipa wanakandarasi wa barabara. Najua utasema hilo ni deni jingine juu ya deni, na ni kweli. Mimi naonyesha kwamba mwenye tingatinga alitafutiwa njia. Mwenye randa na yule mama wa mabati Kakamega hawajatafutiwa.

Kuhusu kicheko, hapo ndipo nilipofikiri zaidi. Watu wa umri wangu tunawakumbuka wachekeshaji wa Redykyulass wakimwiga Rais Moi kwenye televisheni wakati ambapo nyumbani tulikuwa bado tunashusha sauti tukimtaja. Na Aprili 2025, hapa hapa Nakuru, wasichana wa shule ya Butere walikuja na tamthilia yao kwenye tamasha la kitaifa la drama. Polisi wakarusha gesi ya machozi, wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Tangu siku hiyo sikubali mtu aniambie mchezo ni mchezo tu. Lakini mama amesema tulicheka kabla ya kujua, na hilo sina la kulijibu. Mimi nilimtambua muuza limau kwa sababu nina LPO mfukoni. Vijana wangu hawakuwa na kitu cha kumtambulia.

Basi Jumamosi hii tunairudia saa kumi na mbili jioni, halafu ile ya Bungoma wiki ijayo nikiipata. Mama, kiti chako nitakiweka karibu na mlango palipo na hewa. Kabla sijawasha projekta nakuomba uwaeleze vijana habari za kile kifurushi na glovu ya mkono wa kushoto, kwa dakika utakazotaka mwenyewe. LPO nimeshaigongomea ukutani kando ya shuka, mahali ambapo mwanga unaifikia.